KICHEFUCHEFU CHA SINDANO ZA KUPUNGUZA MWILI: STORI YA MJUSI, DOZI NDOGO NA HARAKA ZA MJINI

Kila staa akipungua kilo kadhaa, mitandaoni maneno hayaishi. Huyu anasema ni mazoezi, yule anasema kachoma sindano, mwingine anasema ni stress za mapenzi. Picha ya kabla na ya baada zinabandikwa pamoja, watu wanasifia. Kitu ambacho hakipostiwi ni ile ndoo iliyokuwa pembeni ya kitanda.

Kiukweli, watu wengi wanaotumia sindano hizi, iwe Wegovy, Ozempic au Mounjaro, wanapitia kichefuchefu, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa. Na hii sio ishu mpya wala sio mkosi wa mtu mmoja. Ina historia ya zaidi ya miaka 30, na ukiijua utaelewa kwa nini daktari anakuanzishia dozi ndogo hata kama wewe una haraka na harusi ya mwezi ujao.

HOMONI INAYODUMU DAKIKA 2

Stori inaanza miaka ya 1980. Watafiti wa Boston, Marekani, na wenzao wa Copenhagen, Denmark, walikuwa wanachunguza homoni inayotoka kwenye utumbo mtu akishakula. Inaitwa GLP-1. Kazi zake ni tatu kubwa: inaamsha kongosho litoe insulini, inachelewesha chakula kutoka tumboni, na inauambia ubongo kwamba umeshiba.

Kwa wagonjwa wa kisukari hiyo ilikuwa habari kubwa. Tatizo likawa moja: mwili unaivunja haraka mno. Ndani ya kama dakika 2 tu nusu yake imeshapotea. Watafiti wakajaribu kuchoma kiasi kikubwa ili angalau ifanye kazi, na hapo ndipo baadhi ya waliojitolea kwenye majaribio wakaanza kusikia kichefuchefu na wengine kutapika.

Kumbe kinachokushibisha na kinachokutapisha vinapita njia moja. Chakula kikikaa tumboni muda mrefu unajisikia umejaa. Kikizidi kukaa, huku na sehemu ya ubongo inayohusika na kutapika ikiwa imeamshwa kwa nguvu, shibe inageuka kero. Tofauti ni kiasi, na kasi ya kukifikia hicho kiasi.

MJUSI WA JANGWANI AINGIA KWENYE STORI

Mwaka 1992, daktari mmoja mtafiti wa hospitali ya wanajeshi wastaafu kule Bronx, New York, alitangaza kitu cha ajabu. Kwenye sumu ya mjusi mkubwa anayeitwa Gila monster, anayeishi kwenye majangwa ya Marekani na Mexico, alikuta kemikali inayofanana na GLP-1. Ila hii haivunjiki haraka. Badala ya dakika, inakaa masaa.

Kemikali hiyo ilitengenezwa maabara ikawa dawa ya kisukari aina ya 2, jina lake Byetta. Marekani iliiruhusu mwaka 2005. Mtu alikuwa anajichoma mara 2 kwa siku. Kichefuchefu nacho kikaja hivyo hivyo, kwa hiyo maelekezo yakawa: anza na mikrogramu 5 kwa mwezi mzima, mwili ukizoea ndio uende 10.

Ikafuata Victoza, ya mara 1 kwa siku, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010. Hapa ndipo pa kushika vizuri. Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanasema wazi kwamba dozi ya kuanzia, miligramu 0.6, haitoshi kushusha sukari. Ipo kwa ajili ya kulizoesha tumbo tu. Yaani wiki ya kwanza mtu anachoma sindano ambayo kazi yake kubwa ni kumuandaa kwa sindano zinazofuata.

Wagonjwa wa kisukari waliokuwa wanatumia dawa hizi wakawa wanapungua uzito, na hapo soko likageuka. Mwaka 2014 dawa ileile ya Victoza ikaruhusiwa kwa ajili ya unene, kwa dozi kubwa zaidi na jina jipya, Saxenda. Mwezi Juni 2021 ikaja Wegovy, ya mara 1 kwa wiki. Ngazi yake ni ndefu: miligramu 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5, kisha 1, kisha 1.7, ndipo 2.4. Wiki 16 za kupanda taratibu.

NAMBA ZINASEMAJE?

Utafiti mkubwa wa dawa hiyo uliotoka 2021 ulikuwa na watu 1,961 na ulichukua wiki 68. Waliochomwa dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Waliopata kichefuchefu kwenye kundi la dawa walikuwa asilimia 44. Lakini walioacha kabisa kwa sababu ya matatizo ya tumbo ni asilimia 4.5 tu. Wengi kilikuja, kikapoa, wakaendelea.

Sasa kuna msemo unazunguka mjini: "ukitapika ujue inafanya kazi." Hapana. Uchambuzi uliotoka 2022 ulionyesha kwamba matatizo ya tumbo kama kichefuchefu na kutapika yalichangia chini ya pointi 1 ya asilimia kwenye huo upungufu wa uzito. Ambao tumbo lao halikuwasumbua walipungua pia. Kutapika sio risiti ya kwamba umelipia mwili mpya.

HARAKA INAYOHARIBU KAZI YA MIAKA 30

Ubaya wa dawa ya wiki nzima ni kwamba ukikosea, umekosea wiki nzima. Ukishachoma haitolewi. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya watu kujipimia wenyewe kutoka kwenye vichupa na kuchoma mara 5 hadi 20 ya dozi waliyopangiwa. Walitapika sana na baadhi wakaishia hospitali. Mwezi mmoja kabla, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeonya kuhusu Ozempic feki zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Kwa hiyo yule anayekuuzia DM "dozi ya matokeo ya haraka" anakurudisha kule kule kwenye majaribio ya mwanzo, tena wewe huna daktari pembeni.

UNAYETUMIA, FANYA HAYA

Kula kidogo kidogo na taratibu. Ukihisi umeshiba weka kijiko chini, hata kama sahani haijaisha. Chipsi, vitu vya kukaanga na pilipili nyingi vipunguze, maana mafuta yanakaa tumboni muda mrefu. Uji mwepesi, ndizi, wali kidogo na mchuzi mwepesi vinapita vizuri zaidi. Usilale ukishamaliza kula. Kunywa maji kwa mafunda madogo, na ukitapika au kuharisha tumia ORS. Tangawizi inawasaidia baadhi ya watu. Pombe iache kwanza.

Kama kichefuchefu hakijaisha, usipande dozi. Mwambie daktari, anaweza kukuacha kwenye dozi ileile wiki kadhaa zaidi au kukushusha. Ukiwa unaenda kufanyiwa upasuaji, waambie mapema kwamba unatumia sindano hii, kwa sababu chakula kinaweza kuwa bado kipo tumboni.

Kwa wadada: Mounjaro inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hasa mwanzoni na dozi inapopandishwa. Kichefuchefu kikikaza, pima na mimba.

Na kuna dalili za kutosubiri kesho: maumivu makali ya tumbo yasiyoacha au yanayoenda mgongoni, kutapika mpaka maji hayakai, mkojo kuwa mchache na wa rangi nzito, kizunguzungu. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Miaka 30 ya maabara, mjusi na maelfu ya watu waliojitolea imefundisha kitu ambacho wahenga walishakisema: haraka haraka haina baraka. Staa unayemuona kapendeza leo, kama alifuata utaratibu, alianza na dozi ndogo ya kuuzoesha mwili.

Wewe au mtu wako wa karibu mmepitia hili? Kichefuchefu kilipoa baada ya muda gani? Tupia maoni hapo chini, kuna mtu ameianza juzi na anahitaji kusoma.