Mashine Iliyoitwa Mbovu

Mwaka 1986 mjomba wangu, baharia, alirudi Zanzibar na kompyuta ya Commodore 64 aliyoinunua Marekani. Alikuja pia na transfoma ya kushushia umeme, maana alijua mashine ile inataka volti 120 na nyumba zetu zina umeme mkubwa zaidi. Suala la picha hakulijua. Alipoiunganisha na televisheni, mbele ya jamaa waliojaa ukumbini, maandishi yalipanda juu bila kutulia, hayana rangi wala sauti. Watu wakacheka. Mashine ikawekwa juu ya kabati, ikabaki na jina: mbovu.

Nimekua nikisimuliwa kisa hicho kama kichekesho cha familia. Sasa nasomea shahada ya uzamili ya historia, na kicheko kile kimeanza kunikera.

Umeme wa Marekani una mizunguko 60 kwa sekunde, kwa hiyo televisheni zake zilitengenezwa zichore skrini mara 60, kwa mistari 525. Mwaka 1953 wakaongeza rangi kwa mfumo wa NTSC. Ulaya mizunguko ni 50. Mistari ikawa 625, na rangi, katika nchi nyingi, zikaja kwa PAL, mfumo uliobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani. Sisi tulirithi umeme wa Waingereza, na televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1973, kwa rangi tangu mwanzo, ilifuata PAL. Commodore wenyewe walitengeneza chipu mbili za picha: 6567 kwa NTSC, 6569 kwa PAL.

Kwa hiyo hakuna kilichoharibika siku ile. Mashine ilikuwa ikituma 60 kwa televisheni iliyongoja 50.

Likizo iliyopita niliishusha kabatini. Kwa fundi mmoja nilipata televisheni ya mtumba kutoka Dubai, inayopokea mifumo yote miwili. Nikachomelea waya kutoka tundu la video la mashine hadi tundu la njano la televisheni, nikawasha. Skrini ikawa ya buluu, imetulia tuli, kimraba kidogo kikipepesa.

Nikamwita mjomba. Alivaa miwani, akaandika jina lake, herufi moja moja. Kisha akauliza, katika wale waliocheka, wangapi bado wako hai.

"Watatu, mjomba."

"Waite," akasema.