Mvinje na Mathenge: Miti Istahimiliyo Chumvi Nchini Kenya na Maana Yake kwa Burundi

Udongo wa Bugendana, katika uwanda wa juu wa Gitega, una tatizo la tindikali: mvua imeufua madini yake kwa karne nyingi, nao huhitaji chokaa na samadi. Udongo wenye chumvi nchini Burundi uko chini zaidi, Imbo, katika bonde la Rusizi lenye joto kali na mvua haba. Mpango mmoja wa kurejesha ardhi hauwezi kufaa pande zote mbili. Kwa Imbo, historia iliyo karibu ni ya pwani ya Kenya.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba matumbawe ya kale hadi karibu na maji ya ardhini, ambayo yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo hayo matupu. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu zilihimili: mnazi, damas wa Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hivyo humea pasipo rutuba. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza, kwa wingi wa tanini, mpaka yalipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza mboji. Maandishi ya sera huchanganya mno maneno mawili hapa, kustahimili na kutibu. Mvinje uliistahimili chumvi. Haukuiondoa katika maji yaliyo chini yake, wala haukuumba udongo peke yake.

Machimbo hayo hayo yalipokea pia mathenge, ambao mbegu zake ziliagizwa kutoka Brazili na Hawaii mwaka 1973. Miaka ya 1980 mti huo ulipandwa Baringo, katika mradi wa kuni ulioungwa mkono na FAO. Ustahimilivu uliosifiwa ndio ulioleta balaa. Mifugo iliyala matunda yake matamu, ikazitawanya mbegu kwa samadi, na malisho ya Wailchamus yakazibwa na vichaka vya miiba. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki Serikali katika Mahakama Kuu, wakampeleka Nairobi mbuzi aliyepoteza meno kwa kula matunda hayo. Ni rahisi kumcheka mbuzi yule; aliyepoteza malisho hacheki. Miaka miwili baadaye mathenge ulitangazwa kisheria kuwa gugu haribifu.

Bamburi palikuwa na mwenye ardhi mmoja aliyesimamia kila mche, na hapakuwa na wafugaji. Imbo ni nchi ya mpunga, pamba na ng'ombe, yenye wakulima wengi wadogo. Kabla mbegu yoyote haijaagizwa kwa ajili yake, mshauri atahitaji kujua ni mifugo ya nani itakayokula matunda, ni nani atakayeng'oa miche isiyotakiwa, na ni mfereji upi utakaotoa maji ya chumvi nje ya mashamba.