Makorokoro Ndani ya Seli

Kila seli ya kitunguu maji ina DNA takriban mara tano ya ile ya binadamu. Kamongo, samaki wa matopeni anayevuliwa Ziwa Victoria, anayo zaidi ya mara kumi. Lau kila kipande kingekuwa na kazi, kitunguu kingehitaji maelekezo mengi kuliko mtu, jambo lisiloingia akilini.

Mwaka 1972 Susumu Ohno, mtaalamu wa jenetiki aliyefanya kazi California, alilipa fumbo hilo jibu: sehemu kubwa ya DNA ni makorokoro. Hoja yake ilikuwa hii: kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya ya DNA. Kama yote yangegusa sehemu muhimu, madhara yangerundikana hadi ukoo ukakatika. Ohno akakadiria kuwa jeni za binadamu haziwezi kuzidi 30,000. Leo jeni za kutengeneza protini zinahesabiwa kuwa karibu 20,000, na maelekezo yake hayafiki 2% ya DNA yote.

Mfano mmoja wa makorokoro ni jeni ya vitamini C. Mbuzi hujitengenezea vitamini hiyo mwilini. Binadamu naye anayo jeni hiyo, ila iliharibika zamani sana, na kila mzazi humrithisha mwanawe mabaki yake.

Wengi hulitafsiri jina la Kiingereza alilolitumia Ohno kuwa “DNA taka”, na hapo ndipo linapoonewa. Mwanabiolojia Sydney Brenner alitenganisha mambo mawili: takataka hutupwa, makorokoro huwekwa. Wala Ohno hakusema kwamba kila kisichotengeneza protini hakina kazi. Swichi za kuwasha na kuzima jeni zilikuwa zimekwisha kujulikana.

Septemba 2012 mradi wa utafiti uitwao ENCODE ulitangaza kuwa 80% ya DNA ya binadamu ina kazi, na magazeti yakalizika jina la Ohno. Lakini mradi ulihesabu kuwa kazi hata dalili ndogo ya kikemia, kama kipande kunakiliwa tu. Mwanabiolojia Dan Graur na wenzake walilipinga hilo vikali mwaka 2013. Mwaka uliofuata watafiti wa Oxford walikadiria kuwa sehemu inayolindwa na uteuzi wa asili ni 8.2%.

Hata hivyo, korokoro huweza kuokotwa likatumika. Jeni moja inayosaidia kujenga kondo la nyuma la mama mjamzito ilitokana na virusi vya kale vilivyojipachika katika DNA ya mababu.