Alienda kufutwa tatuu, akatoka na silikoni

Wasee, leo hakuna vidio. Leo mtasoma.

Tangu mwaka uanze nimekuwa nikiweka pesa kando, na ni mabeste wangu wawili tu walijua ya nini. Ukipitia komenti zangu utajua pia. Kila nikipost lazima kuna mtu aandike "ubao", ama aniambie niko flati kama Mombasa Road. Mimi ni wa Sultan Hamud, hiyo barabara inapita hapa mlangoni, kwa hivyo hiyo jokes nimeisikia kutoka darasa la saba. Nikaanza kuuliza bei za silikoni. Halafu kabla sijatuma hata shilingi, nikasema wacha kwanza nijue hiki kitu kilitoka wapi. Kampasi niliacha, kusoma sikuacha.

Tuanze na nyumbani, juu najua kuna mtu ataniambia kubadilisha mwili ni mambo ya wazungu. Wapi! Wakamba wa zamani walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, wanaume kwa wanawake, na ilikuwa urembo. Kulikuwa na fundi wa hiyo kazi, na chuma chake cha kuchongea, na hakuna cha sindano ya ganzi. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika kitabu kizima kuhusu Wakamba na haya yamo. Susu wangu akiwa mdogo aliwaona wazee wenye meno hayo. Fasheni iliisha, wao wakabaki nayo mdomoni hadi kaburini. Hiyo sentensi niliiandika kwa simu nikaenda kulala nikiifikiria.

Sasa silikoni yenyewe. Mwaka ni 1962, mji ni Houston, Marekani. Mama mmoja anaitwa Timmie Jean Lindsey, mfanyakazi wa kiwanda, ameachana na mume, ana watoto 6. Anaenda Jefferson Davis, hospitali ya watu wasio na pesa, kufutwa tatuu ya maua aliyochorwa kifuani. Madaktari wa hapo, Thomas Cronin na Frank Gerow, walikuwa wanatafuta mtu wa kwanza. Inasemekana wazo lilikuja Gerow akishika mfuko wa damu, akaona unabonyea kama titi. Walikuwa wamejaribu kwa mbwa mmoja anaitwa Esmeralda. Kitu kilikaa wiki kadhaa tu, mbwa akaanza kutafuna nyuzi za kidonda, wakakitoa. Basi. Baada ya hapo wakaenda kwa binadamu.

Walipomuuliza Lindsey kama angependa matiti makubwa, alisema anachotaka ni masikio yake yarudishwe nyuma, yalikuwa yamesimama. Wakakubaliana wamfanyie yote mawili. Hebu soma tena. Mwanamke wa kwanza duniani kuwekewa silikoni ya aina hii hakuwa ameiomba. Alikuwa maskini, alikuwa hospitali ya bure, na aliuliziwa na watu waliovaa koti jeupe. Alikuja kuhojiwa miaka 50 baadaye bado akiwa nayo, na hakuitoa. Kwa hivyo hii si stori ya mwathiriwa na shetani. Lakini bado nauliza nani aliamua nini siku ile.

Kabla ya mifuko hiyo kulikuwa na mbaya zaidi. Watu walidungwa silikoni ya majimaji moja kwa moja kwa matiti, Japani baada ya vita, kisha Marekani. Inatembea mwilini, inaweka uvimbe, na kuitoa yote ni karibu haiwezekani. Ukisikia mtu mtaani anakuuzia "sindano ya kuongeza", ni hiyo familia. Kimbia.

Na hapa kuna kitu kilinishangaza. Mmoja wa madaktari waliochunguza silikoni ya majimaji miaka ya 1960 ni Tom Rees wa New York. Ni huyo huyo Rees ambaye mwaka 1957, pamoja na Michael Wood na Archibald McIndoe, alianzisha Flying Doctors, ile tunaita AMREF leo. Stori inasema mpango ulizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima ambao ukitoka hapa uelekee Emali asubuhi bila mawingu unauona vizuri tu. Wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha mwili. Kwetu waliruka na ndege kushona watu walioungua na watoto wenye midomo iliyopasuka. Ufundi ni mmoja, New York unarembesha matajiri, huku unamrudishia mtoto mdomo.

Turudi kwa mifuko. Ilianza kuuzwa miaka ya 60, na sheria ya Marekani ya kusimamia vifaa vya matibabu ilikuja 1976. Silikoni ilikuwa tayari sokoni, ikaachwa iendelee. Ni mpaka 1992 ndio mamlaka yao, FDA, ilisema simamisheni, leteni ushahidi kwamba ni salama. Hesabu: miaka 30 baada ya Lindsey! Kesi zikafurika, na Dow Corning, kampuni kubwa ya biashara hiyo, ikatangaza kufilisika 1995.

Hapa stori inakuwa ngumu kwa sisi tunaopenda kulaumu makampuni. Mwaka 1999 jopo la wanasayansi Marekani lilipitia tafiti zote na halikupata ushahidi kwamba silikoni inaleta yale magonjwa makubwa ya mwili mzima yaliyokuwa kortini. Ila likasema shida ya kweli ni pale pale kifuani: mfuko kupasuka, kovu kukaza titi likawa gumu na kuuma, na kurudi kwa kisu tena na tena. Mwaka 2006 zikaruhusiwa tena, kwa urembo uwe na miaka 22 kwenda juu. Mimi nimefika, kwa hivyo siwezi kujificha hapo.

Halafu Wafaransa. Kampuni ya PIP ilikuwa inajaza mifuko yake silikoni ya viwandani, ile ya bei ya chini, haikuwa ya kuwekwa ndani ya mtu. Iligunduliwa 2010, ikiwa imeshauzwa nchi nyingi na kuingia kwa mamia ya maelfu ya wanawake. Mwenyewe, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Wale wanawake walikuwa wamelipa bei ya kawaida kwa madaktari wa kawaida. Na 2019 Allergan ikarudisha kutoka soko la dunia nzima mifuko yake ya ngozi ya kukwaruza, juu ilihusishwa na saratani moja adimu ya kinga ya mwili.

Kitu kilinibadilisha mawazo si hofu ya kufa, ingawa Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo na kliniki ikafungwa na KMPDC. Ni hesabu. FDA yenyewe inasema hizi si za maisha yote. Kadiri zinavyokaa ndivyo uwezekano wa kurudi kuzitoa ama kuzibadilisha unaongezeka. Mfuko unaweza kupasuka usihisi chochote, ndio maana wanashauri picha ya MRI ama ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3. MRI hapa Sultan? Hiyo ni nauli ya Nairobi, halafu bei ya picha, kwa mtu ambaye mwezi mwingine analipa bando na Fuliza. Mimi nilikuwa nimeweka pesa ya kuingia. Ya kukaa sikuwa nimeweka, na ya kutoka sikuwa nimewaza kabisa.

Sisemi waliofanya ni wajinga. Mama aliyetolewa titi kwa sababu ya saratani ana sababu ambayo komenti za TikTok haziwezi kufikia. Hata wewe unayetaka tu kujipenda kwa kioo, ni mwili wako. Mimi nilikuwa nataka kumnyamazisha jamaa wa "ubao", na nikikaa chini nikiwa mkweli, huyo akiishiwa na kifua atahamia makalio.

Pesa bado iko kwa Sacco. Wiki jana niliandikia kliniki moja maswali matatu: mfuko ni wa kampuni gani na nitapewa kadi yenye namba yake? Daktari anaitwa nani nimtafute kwa orodha ya KMPDC? Ukipasuka mwaka wa nane, nani analipa kuutoa?

Walijibu haraka sana. Walinitumia bei, na kwamba kuna punguzo mpaka Ijumaa. Nimeuliza tena.