Ufunguo wa Watu

Marehemu baba aliandika historia ya ukoo wetu kwa kompyuta mwaka 1994, akaihifadhi katika disketi. Alipofariki mwaka 2003 disketi ilikuwa nzima, lakini programu aliyoitumia haikuuzwa tena, na walioitengeneza hawakupata kutangaza jinsi ilivyopanga maandishi. Nyumba yetu, ufunguo wa watu!

Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilipitisha ODF, mfumo wa kuhifadhi hati ambao kanuni zake zimewekwa wazi. Fundi yeyote aweza kutengeneza programu ya kuusoma. Sisemi programu zisiuzwe. Mtu hula jasho lake. Lakini maneno yalikuwa ya baba. Wajukuu wake nawasimulia kwa mdomo, kile kidogo nikikumbukacho.