Miisho Miwili ya Sholay

Filamu ya Sholay ina miisho miwili. Hapa Dzaleka wengi wetu tunaujua mmoja tu, ule ambao polisi wanafika. Nataka kueleza historia ya ule mwingine, maana kila nikikaa na vijana wa kambi tukaanza kuongea juu ya kisasi, naona hadithi hiyo inatuhusu.

Kwa ambaye hajaiona: Thakur alikuwa ofisa wa polisi. Alimkamata jambazi anayeitwa Gabbar Singh, akafungwa. Gabbar akatoroka, akaenda nyumbani kwa Thakur, akaua familia yake, hata mtoto mdogo. Thakur alipomfuata peke yake kwa hasira, Gabbar akamkata mikono yote miwili. Basi akawakodi wezi wawili, Jai na Veeru, wamletee adui yake akiwa hai. Amitabh Bachchan ndiye Jai, Dharmendra ndiye Veeru. Jai anakufa kabla kazi haijaisha.

Filamu hii ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975. Ukumbi mmoja wa Bombay, Minerva, uliionyesha kwa miaka mitano. Mwongozaji wake, Ramesh Sippy, alizaliwa Karachi mwaka 1947. Mwaka huohuo nchi iligawanywa ikawa India na Pakistani, na watu zaidi ya milioni 10 wakahama makwao. Familia ya Sippy iliacha Karachi, ikaanza maisha upya Bombay. Baba yake, G. P. Sippy, ndiye mtayarishaji wa filamu. Kwa hiyo filamu ya kisasi tunayoipenda hivi ilitengenezwa na watu waliokimbia kama sisi.

Mwisho wa kwanza waliourekodi ulikuwa hivi. Thakur hana mikono, lakini viatu vyake vimepigiliwa misumari chini. Anampiga Gabbar kwa miguu mpaka anamuua. Halafu analia. Veeru anamshika, na mzee analia kama mtoto.

Bodi ya kukagua filamu ikaukataa. Juni 1975 serikali ya Indira Gandhi ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na hawakutaka watu waone mtu aliyekuwa polisi akijichukulia sheria mkononi. Sehemu hiyo ikarekodiwa upya: Thakur yuko karibu kummaliza adui, polisi wanatokea, wanamkumbusha sheria, Gabbar anachukuliwa. Lakini serikali hiyohiyo iliyotaka sheria iheshimiwe kwenye filamu ilikuwa inafunga wapinzani wake bila kesi.

Sasa, filamu hizi zilitufikiaje? Kwenye pwani ya Waswahili, Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa, wazee walijaza kumbi za sinema kuangalia filamu za Kihindi zamani sana kabla ya video. Kisha zikaja kaseti na sidii, na watu wa kutafsiri kwa sauti, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wakazifanya ziongee Kiswahili. Wengi wetu tuliziona Uvira, Bujumbura au Kigoma, kwenye mabanda ya video, kabla hatujawahi kusikia jina la Malawi. Tulipofika hapa, tukazikuta tena Old Town ya Lilongwe, kilomita kama 45 kutoka kambini, kwenye mitaa ya maduka ya Wahindi.

Wahindi hao nao wana historia yao. Zamani wengi walikuwa na maduka kwenye vituo vidogo vya vijijini. Miaka ya 1970 serikali ya Kamuzu Banda ikawaamuru waache biashara za vijijini, wahamie miji mikubwa. Wakati huo Dzaleka yetu ilikuwa gereza, watu wanafungwa kwa sababu ya siasa. Ilifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Halafu Machi 2023 ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje warudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Wenye maduka wakafunga maduka. Wahindi walitolewa vijijini wakapelekwa mjini, sisi tumetolewa mjini tukarudishwa kambini.

Nimeeleza haya ili mfanyakazi wa shirika anayesoma aelewe kwa nini vijana wananicheka nikiwasimulia mwisho wa polisi. Niliwaambia wa kikundi changu kwamba kuna miisho miwili, nikauliza upi ni mzuri. Mmoja, umri wake 17, alijibu haraka: "Polisi gani wanafika, kaka? Kwetu hawakufika." Sikuwa na la kumjibu. Anaongea mara nyingi juu ya kurudi Congo kushika bunduki, na anawajua kwa majina watu anaowataka.

Msichana mmoja akauliza kitu kingine: "Na Radha je?" Radha ni mke wa mtoto wa Thakur, mjane kijana ambaye Jai alimpenda. Gabbar auawe au afungwe, Radha anabaki mjane na Jai amekufa. Banda zima likanyamaza. Yule kijana naye hakucheka.

Mimi siwaambii vijana wasahau. Aliyeuliwa wazazi ana haki ya kudai haki, na mtu asimwambie kwamba dai lake ni ugonjwa wa akili. Lakini semina nyingi za amani zinaanzia kwenye mwisho wa pili, kana kwamba polisi wameshafika, na kijana anaona wazi ni uongo. Afadhali kuanzia kwenye ule wa kwanza na kuufuata mpaka mwisho wake kabisa. Thakur amepata alichokitaka. Familia haikurudi, mikono haikurudi, na rafiki aliyemkodi ni maiti. Hapo ndipo analia.

Katika kambi hii yenye watu zaidi ya 50,000, watu ambao kwao wangekuwa maadui wanapanga madumu kwenye bomba moja. Tunaishi hivyo kila siku, bila mwisho wowote kati ya ile miwili.

Mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 50, ilisafishwa upya na ule mwisho wa kwanza ukaonyeshwa Bologna, Italia. Siku moja itafika Old Town, mtu atatuletea kwenye fulashi. Nitawaomba vijana kitu kimoja: adui akianguka, msiinuke kwanza. Kaeni mpaka mzee amalize kulia, ndipo tuongee.