Mtutu wa bunduki: Inchi chache zenye uzito mkubwa

MTUTU wa bunduki huonekana machoni pa wengi kuwa bomba la chuma lisilo na siri yoyote. Ndiyo maana katika nchi ambako raia wengi humiliki silaha, mathalani Marekani, hawakosekani wanaodhani kwamba kuufupisha ni kazi ya msumeno na tupa, ifanyikayo nyuma ya nyumba alasiri moja. Makala haya yanaeleza kwa nini inchi chache za mwisho za mtutu huo ni jambo zito, mbele ya fundi na mbele ya hakimu pia.

Kazi ya mtutu

Baruti inapowaka huzaa gesi yenye shinikizo kubwa, nayo gesi huisukuma risasi kuelekea mdomo wa mtutu. Katika bunduki ya jeshi au ya kuwindia wanyama wakubwa, ukuta wa ndani wa mtutu umechongwa michirizi inayojizungusha kama uzi wa skrubu. Michirizi hiyo huishika risasi na kuifanya izunguke kwa kasi, na mzunguko huo ndio unaoizuia isipepesuke hewani, kama pia inavyosimama wima maadamu inazunguka.

Chukua mfano wa bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield. Michirizi yake hukamilisha duara moja katika kila inchi 10, nayo risasi yake hutoka kwa kasi ya takriban mita 740 kwa sekunde. Hesabu rahisi yaonyesha kwamba risasi hiyo huzunguka karibu mara 3,000 kwa sekunde moja.

Mtutu ukifupishwa, risasi hupata muda mfupi zaidi wa kusukumwa, hivyo kasi yake hupungua. Sehemu ya baruti huwaka nje ya mdomo. Mwako huongezeka na mshindo huwa mkali zaidi. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ufupi wenyewe huiondolea bunduki shabaha. Mtutu mfupi uliotengenezwa vizuri waweza kulenga barabara. Kinachoharibu shabaha aghalabu ni namna mdomo ulivyoachwa baada ya kukatwa.

Taji la mdomo

Mafundi huuita ukingo wa ndani wa mdomo huo taji. Hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo chuma huigusa risasi. Risasi inapoachana na taji, gesi iliyo nyuma yake hufumka kwa kasi inayoipita risasi yenyewe. Ikiwa ukingo ni sawasawa pande zote, gesi hutoka kwa usawa na risasi huendelea na safari yake bila kuyumba. Ikiwa upande mmoja una pengo, mkwaruzo au umekatwa mshazari, gesi hutangulia kupenya hapo na kuisukuma risasi upande. Kasoro isiyoonekana kwa macho yaweza kuipotosha risasi mbali na shabaha.

Kwa sababu hiyo fundi aliyehitimu hulikata taji kwa mashine ya kukerezea, akipimia kutoka tundu la ndani. Hategemei umbo la nje, kwani tundu si lazima liwe katikati kabisa ya chuma. Msumeno wa mkono hauwezi kutoa hakikisho hilo. Aidha, bunduki nyingi hufungwa kitunguli cha kulengea karibu na mdomo. Mwenye kuukata hukikata nacho.

Funzo la Lee-Enfield

Majeshi nayo yamewahi kufupisha mitutu. Lee-Enfield ya mwaka wa 1895 ilikuwa na mtutu wa inchi 30.2. Baada ya Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, Uingereza iliamua kuwapa askari wa miguu na wa farasi silaha moja, nayo ikatoka na mtutu wa inchi 25.2. Huo haukuwa mtutu uliokatwa tu, bali bunduki iliyosanifiwa upya.

Mnamo 1944 ilifuata nyingine fupi na nyepesi zaidi kwa ajili ya vita vya msituni. Hiyo ilitumika Malaya na hata hapa Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Askari waliilalamikia kwa teke lake begani na kwa kutotulia shabaha yake. Ikiwa kiwanda kizima chenye wahandisi kiliweza kulaumiwa hivyo, mtu mmoja mwenye msumeno atarajie nini?

Upande wa pili wa vita hivyo, wapiganaji wa Mau Mau walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, kwa kukosa nyingine. Mabomba hayo hayakuwa na michirizi wala hayakuundwa kuhimili shinikizo la baruti, na baadhi yalipasuka mikononi mwa wenyewe.

Mkono wa sheria

Sheria huogopa mtutu mfupi kwa kuwa hufichika kwa urahisi ndani ya koti. Sheria ya Marekani ya 1934 iliweka kikomo cha inchi 18; mwaka wa 1960 kikomo hicho kilishushwa hadi inchi 16 kwa bunduki za michirizi, huku zile za marisau zikibaki kwenye 18. Aliyetaka fupi zaidi alisajiliwa na kulipa kodi ya dola 200. Kodi hiyo ilifutwa kuanzia Januari 1, 2026, lakini wajibu wa kusajili haukuondolewa.

Uzito wa inchi hizo ulidhihirika Ruby Ridge, jimbo la Idaho. Randy Weaver alishtakiwa kwa kutengeneza na kumiliki bunduki mbili za marisau zilizokatwa chini ya kikomo. Hakufika kortini. Mnamo Agosti 1992 maafisa waliizingira nyumba yake kwa siku 11. Afisa mmoja, mkewe Weaver na mwanawe wa miaka 14 wakauawa. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwondolea Weaver shtaka la bunduki, likamtia hatiani kwa kutofika kortini na kukiuka masharti ya dhamana.

Nchini Uingereza, sheria ya 1968 inaharamisha kuufupisha mtutu wa bunduki ya marisau chini ya inchi 24. Hapa Kenya, Sura ya 114 ya sheria humtaka kila mwenye silaha awe na cheti, na anayefanya biashara ya kuzitengeneza awe amesajiliwa.

Kwa hivyo mwenye bunduki halali ambayo mdomo wake umeharibika hana budi kuipeleka kwa fundi aliyesajiliwa. Chuma kilichokwisha kukatwa hakiungiki tena.